Amplifaya Iliyokwenda Ukweni

Saluni ninayokwenda ina drayer moja ya zamani ya kukaushia nywele ambayo msusi huiamsha kwa kuipiga kofi. Juzi aliiwasha baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, na vumbi lililokuwa limelala ndani yake likaanza kuungua. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nilifumba macho nikaivuta ile harufu mpaka machozi yakanilengalenga, na msusi akaniuliza kama kichwa kinaungua. Nikamwambia hapana, endelea tu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile ni ya baba yangu, ameinamia meza ya chakula kule kwetu Turwa, Tarime, siku zile mama alipokuwa ameondoka nyumbani?

Sisi tuliokua wakati wa kaseti, na baadaye simu za tochi, tulizoea redio kuwa kitu baridi. Unaweka betri, inaimba, na betri zikichoka unazianika juani zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Hatukujua kwamba redio za babu zetu zilikuwa na joto lake, kwamba ndani yake mlikuwa na vichupa vya kioo ambavyo mafundi waliviita valvu, na kwamba usipovipasha moto kwanza havisemi. Mimi nilijua kwa sababu baba alivichomoa akavitandaza mezani kwetu, na vikamfukuza mama. Ndivyo nilivyoelewa mambo, kwa akili ya mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajaota tena.

Baba alikuwa fundi redio, mwenye kibanda karibu na soko la Tarime. Mungu alimjalia mkono wa kufungua, ila ule wa kufunga alisahau kumpa. Kitu chochote kilichowahi kuharibika nyumbani kwetu kilikaa wazi: pasi haina mgongo, saa ya ukutani matumbo nje, feni imelala chali juu ya kabati. Mama alikuwa akilalamika kidogo, na baba akimjibu, "Nikipata kifaa kimoja tu, Mama Bhoke." Kifaa kimoja tu. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyokuwa wimbo wa ndoa yao, na mama aliuitikia kwa miaka mingi bila kuchoka, kwa sababu alimpenda yule mtu na mikono yake yenye alama za kuungua.

Lakini kulikuwa na redio moja ambayo hakutakiwa kuigusa, redio ya Babu. Babu mzaa mama alifanya kazi Kisumu ujana wake wote, na huko alinunua redio kubwa ya mbao yenye vifundo vyeupe. Alipoacha kazi akarudi nayo kwao Kisaka, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na hata nguzo moja ya umeme. Ikawekwa juu ya kigoda sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na Babu akawa anawasimulia wageni jinsi inavyonguruma. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu. Bibi aliifuta vumbi kila Jumamosi bila kuisikia hata siku moja. Mama alipoolewa mjini kwenye umeme, Babu akampa. Kwa muda huo redio ilikuwa imezeeka pamoja na mwenyewe. Tulipoiwasha ilikoroma, jioni moja ikatoa sauti ya mtu kwa mbali sana, kisha ikanyamaza. Babu alipofariki mama akairudishia kitambaa chake, akaiweka juu ya kabati, na hapo ndipo alipokuwa akiweka macho akimkumbuka baba yake.

Baba aliifungua siku mama alipokwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Naamini hakuwa na nia mbaya. Alitaka mama akirudi akute redio inaimba. Mama alikuta redio imetapakaa juu ya mkeka, na baba katikati yake anatabasamu. "Nikipata kifaa kimoja tu," akasema. Mama hakuitikia. Wiki zikapita, vipande vikahama kutoka mkekani kwenda kwenye makopo, na lile sanduku la mbao likatolewa nje lipigwe jua, kwa kuwa ndani mlinuka panya. Asubuhi moja mama alikwenda uani akakuta kuku ameatamia mayai ndani ya redio ya baba yake.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinifunga vifungo vya sare, akaniambia nile vizuri na nisikose shule, akambeba kuku yule akamhamishia kwenye kapu pamoja na mayai yake yote, kwa uangalifu kabisa, kisha akachukua mfuko wa nguo akaenda kwao Kisaka.

Kwetu mwanamke akirudi kwao kwa hasira, watu hungoja kwanza. Hasira zikipoa, mume huenda kuomba. Zisipopoa, wazee wa pande zote mbili hukaa chini wazungumze habari ya kurudisha ng'ombe wa mahari, na hapo ndoa imekwisha. Mjomba Marwa, kaka yake mama, alituma ujumbe kupitia mtu aliyekuwa akileta mahindi mjini. Alisema baba ana nafasi moja ya kuja kujieleza, na asipoeleweka itakuwa habari ya ng'ombe. Baba alipoambiwa nilikuwa nimesimama pembeni yake. Aliniangalia, akaniuliza kama nataka chai. Tulikuwa tumetoka kunywa chai muda huo huo.

Siku zilizofuata tulikula ugali wenye mabonge, na jioni baba alikaa mezani na mabaki ya redio. Ukweli aliugundua mapema: haitashika stesheni tena. Panya walikuwa wametafuna zile waya nyembamba za kunasia mawimbi, na vipande vya namna hiyo havipatikani tena. Vilivyobaki hai vilikuwa vichupa viwili na spika, nayo spika ilikuwa imechanika. "Lakini kusema inaweza kusema," baba akaniambia. "Nitaifanya amplifaya. Unajua amplifaya? Inachukua sauti ndogo inaifanya kubwa, mtu wa mbali anasikia."

Mtu wa mbali anasikia. Nililala na maneno hayo. Kwa hiyo baba hakuwa anacheza na makopo kama majirani walivyosema. Alikuwa anatengeneza kitu cha kumwita mama. Kisaka ilikuwa mbali, ng'ambo ya Nyamongo na vilima visivyokwisha, mama alikuwa amezima simu yake, na sauti ya mtu wa kawaida isingefika. Nilishangaa tu kwamba watu wazima hawakulifikiria jambo hilo mapema.

Baba alijua redio za kisasa, hizi za vipande vidogo. Za vichupa hakuzijua, ikabidi avuke mpaka kwenda Isebania kumwuliza mzee mmoja Mjaluo, Mzee Odhiambo, ambaye alizitengeneza enzi zake. Siku moja mzee yule akaja mwenyewe kutazama, akavaa miwani juu ya miwani.

"Transfoma yake iko wapi?" akauliza.

"Haina, mzee. Nimetafuta sana."

"Ah, basi ni zile hazikuwanga na transfoma. Hiyo ni hatari lakini ni rahisi. Sikiza, mwanangu. Stima inaingia direct. Inaingia mpaka kwa hiyo bati yake ya chini. Plagi ikikaa vizuri, bati imelala. Plagi ikigeuka, bati inaamka, na ukiiguza itakushika. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Kila mahali unaiweka, pima kwanza. Kila mahali."

Transfoma niliyoijua mimi ilikuwa ile ya juu ya nguzo karibu na shule, inayonguruma mvua ikinyesha, kwa hiyo nilifurahi kusikia kwamba yetu haihitaji. Baba naye alifurahi kwa sababu zake. Alikunja debe la mafuta ya kula akalifanya bati la kukalia vichupa. Akavifunga vichupa vyenyewe kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi mmoja, na kwa kuwa umeme wa ukutani ulikuwa mkali mno kwa shanga mbili tu, akaongeza balbu ya kawaida kwenye uzi huo huo ili ibebe sehemu ya mzigo. Spika ilikuwa ya zile za kale ambazo nazo hazidai transfoma. Akaiziba michaniko yake kwa karatasi ya daftari langu la hesabu na gundi, akiweka viraka vidogo kwa ncha ya kijiti, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Siku ya kuiwasha ilinibidi nisimame kwenye kiti, mbali. Baba alikuwa amepaka tone la rangi nyekundu ya kucha ya mama kwenye upande mmoja wa plagi, ambayo ilikuwa ya miguu miwili, ili ajue namna ya kuichomeka. Akapima bati kwa testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Haikuwaka. Bati limelala. Kisha tukangoja. Kwanza balbu iliwaka kwa nguvu, halafu ikaanza kufifia, na kadiri ilivyofifia ndivyo vichupa vilivyoanza kuiva ndani, rangi ya kaa la moto lililofunikwa majivu. Niliona wazi kabisa kwamba balbu inawagawia wadogo zake. Vumbi likaanza kuungua. Harufu ikajaa chumba kizima, na kutoka kwenye spika ikaja sauti nzito iliyotulia, mmmmm, ambayo niliisikia tumboni kabla ya masikioni.

Baba aliunga kisikilizio cha simu ya mezani iliyokufa akakifanya kipaza sauti. "Haloo, haloo," akasema, na sebule yote ikasema haloo. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya kuku. Akanipa nami niseme.

Nilikishika kwa mikono miwili. Nikasema, "Mama. Ni mimi Bhoke. Baba ametengeneza redio. Kuku wameanguliwa. Rudi."

Nikatega sikio dirishani upande ule ambao gari la mama lilielekea. Hakuna kitu. Nikamgeukia baba. "Haijafika. Ongeza."

Alinyoosha mkono akazungusha kifundo mpaka mwisho, na nikaita tena, na vioo vya dirisha vikatetemeka, na mbwa wa jirani akabweka. Kila jioni baada ya hapo niliomba nimwite mama, na kila jioni baba alizungusha kifundo mpaka mwisho, akaenda kusimama mlangoni na mgongo wake kwangu.

Tulipofunga safari ya Kisaka, aliibeba mapajani njia nzima, imefungwa kwenye kitenge cha mama. Mfukoni mwa shati alikuwa na testa, na simu aliyokuwa ameingiza nyimbo za litungu, ile ala yetu ya nyuzi. Umeme wa vijijini ulikuwa umefika kwao mama hivi karibuni, na hilo ndilo lililompa baba moyo. Alitaka redio ya Babu iseme palepale ilipokaa bubu miaka yote ile. Asiyejua kuomba msamaha kwa mdomo, nadhani, huomba kwa alichonacho.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuambiwa. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Ni heshima, na ni kubwa. Baba alikuwa ameoa miaka mingi lakini alimjua Bibi kwa miguu yake na sauti yake tu, kwa sababu uso hakuwahi kuuinua akamtazama. Na chumba cha mama mkwe ndicho kabisa, mkwe hata akielekeza macho mlangoni pake amekosa adabu.

Tulikuta nyumba imepokea wageni kwa namna ya kwao. Sakafu yote ilikuwa imesiribwa kwa samadi mbichi asubuhi ile, laini, ya kijani, yenye ubaridi mtamu kwenye nyayo zangu. Mwenzio akisiriba sakafu kwa ajili yako hajakuchukia. Baba aliliona hilo, nikamwona mabega yanashuka kidogo. Hatukumkuta mama sebuleni. Alikuwa jikoni, na hakutoka.

Nikakimbilia huko. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na mwiko, akanikagua masikio, akanusa kichwa changu. Nikamwuliza lile lililokuwa moyoni.

"Mama, ulisikia nilivyokuwa nakuita?"

"Uliniita wapi?"

"Nyumbani. Kila jioni, kwenye amplifaya. Baba aliongeza mpaka mwisho."

Mwiko ukasimama. "Baba yako alikuambia kwamba nitasikia?"

"Hakusema kitu. Aliongeza tu, halafu anakwenda kusimama mlangoni."

Mama akageukia moto, akasema kuni za siku hizi zina moshi. Hazikuwa na moshi. Niliumia sana kwamba hakusikia, nikaona kazi yetu yote imepotea bure, na nikatoka nikiwa na hasira naye. Ugali wa mtama tulioletewa baadaye ulikuwa umeungua chini, na kwa mama hilo halikuwahi kutokea.

Baada ya chakula Mjomba Marwa akasema, "Haya, Baba Bhoke. Tumekuita ujieleze."

Baba akasimama. "Shemeji, mimi maneno sina. Naomba umeme."

Tatizo likawa hapo. Nyumba ilikuwa na soketi moja tu, na ilikuwa chumbani kwa Bibi. Alikuwa ameitaka huko mwenyewe, ili kila anayekuja kuchaji simu lazima amsalimie kwanza. Baba asingeweza kuingia humo hata nyumba ikiungua. Ikabidi Mjomba aingie na ncha ya waya, na baba amwelekeze kutoka sebuleni, uso wake ukiwa umeelekea zizini.

"Alama nyekundu ya plagi iwe upande wa kulia."

"Kulia," Mjomba akajibu kutoka ndani ya giza la chumba. "Nimechomeka."

Amplifaya ilikuwa juu ya kigoda katikati ya sebule. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi yake karibu na pazia la chumba, miguu peku imenyooka. Testa ilikuwa mfukoni mwa baba, lakini ili kupima angelazimika kugeuka, kuinama mbele ya mama mkwe wake, na kumpumulia karibu. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akaiwasha kwa kupapasa simu aliyokuwa ameiunga na amplifaya, akabaki anatazama ng'ombe. Na kule ndani, tulikuja kugundua baadaye, kijana aliyefunga soketi ya Bibi alikuwa ameifunga kichwa chini. Kulia kwake kulikuwa kushoto.

Balbu ikawaka, ikafifia, vichupa vikaiva. Harufu ya vumbi la moto ikachanganyika na ya samadi. Kisha litungu likaanza, nyuzi zile nene zikigonga polepole, na sauti ya mpigaji ikajaza nyumba mpaka kwenye bati la paa. Kuku walitoka nje. Mjomba, bado chumbani, nilimsikia akicheka peke yake.

Bibi aliinamisha kichwa. "Ndiyo ile? Ya marehemu?"

"Ndiyo yenyewe, mama," baba akawaambia ng'ombe.

"Ndivyo alivyosema. Kwamba inanguruma mpaka kifuani." Kisha akasema taratibu, "Miaka yote nilidhani ananidanganya."

Nilikuwa karibu naye nikaona uso wake unakuwa mwingine, wa msichana. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye kigoda, akainyooshea mkono ile sauti kama mtu anavyomshika mtoto shavu. Akaligusa bati.

Mkono ukaganda pale. Mdomo wake ukafunguka bila kutoa sauti, na miguu yake peku juu ya samadi mbichi ikaanza kutetemeka. Litungu liliendelea kupiga. Sikuelewa, nikadhani anacheza. Nikasema, "Baba, Bibi anacheza," na baba, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akageuka akamtazama mama mkwe wake usoni.

Aliruka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya mpira, namshukuru Mungu kwa viatu vile. Alimkumbatia Bibi kwa mikono yote miwili, kifua kwa kifua, akamng'oa kwenye bati, na wote wawili wakaanguka kwenye sakafu ile laini wakateleza mpaka ukutani. Kigoda kikapinduka. Waya ukakatika, kichupa kimoja kikapasuka kwa sauti ndogo kama yai. Litungu likakoma.

Baba aliinuka kabla Mjomba hajatoka chumbani. Alipomwona Bibi anapumua na kufumbua macho, akatoka nje mbio, akaenda kupiga magoti karibu na zizi, mikono imejaa samadi, kichwa chini. Nilijua kwa kuutazama mgongo wake kwamba ametenda jambo baya sana, ila sikujua ni lipi.

Mama alitoka jikoni akikimbia. Alimwinua Bibi, akamfunga kilemba kilichotoka, akamshika vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vyekundu tu. Mjomba alisimama katikati ya sebule anatazama alama za kuteleza sakafuni. Alikuwa mtu mzuri, sasa naelewa, kwa sababu alianza kumtafutia baba njia.

"Bhoke, njoo hapa. Wewe ndiye uliyekuwepo. Baba yako alimvuta bibi kwa nguo, sivyo? Alishika kitenge?"

Mama aliniangalia. Bibi aliniangalia. Hata mimi niliona kwamba wote wanataka niseme kitenge. Lakini nilikuwa nimeona kitu kizuri kuliko vyote baba alivyowahi kufanya, na walikuwa wanataka kukipunguza kiwe kitenge.

"Hapana," nikasema. "Alimkumbatia. Hivi."

Nikamshika mama kiunoni kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote, kuwaonyesha. Nilipomaliza kuonyesha sikumwachia. Nilikuwa nimemkosa muda mrefu mno.

Mjomba akakaa chini. "Basi hilo ni jambo," akasema. "Mkwe kumkumbatia mama mkwe. Hilo ni la wazee, mama."

"Ningekuwa nimekufa ungewaita wazee hao hao," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nipe maji." Akanywa, akafuta mdomo. "Mtoto amesema kweli. Amenishika, na nisingeshikwa mngekuwa mnanilia sasa hivi. Lakini mwiko ni mwiko. Kondoo achinjwe, atutakase wote wawili."

"Kondoo atatoka kwake," Mjomba akasema.

"Atatoka kwake, na ataletwa na mke wake. Kondoo wa jambo hili hatolewi na mwanamume aliye peke yake nyumbani. Nyumba yenyewe ndiyo inayotoa."

Mpaka leo sijapata mzee wa kuniambia kama sheria hiyo ipo, au Bibi aliitunga palepale akiwa na samadi mgongoni. Mama alikuwa ameshamtazama mara mbili, kupitia mlangoni, yule mtu aliyepiga magoti kule zizini.

"Mimi sijasema narudi," mama akasema.

"Nani amekuuliza? Mimi nazungumza habari ya kondoo."

Mama akanitoa mikono kiunoni mwake, polepole. Akachukua karai la maji, akaenda nalo mpaka zizini, akalitua mbele ya baba. Akachuchumaa. Tulimwona akimshika mkono wa kwanza anauosha, halafu wa pili, mpaka kwenye viwiko, akisugua kama anavyonisugua mimi. Baba alisema neno, sikulisikia. Mama akamjibu, na hilo nililisikia.

"Nyamaza. Geuza na huku."

Kisha akarudi ndani, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaingia chumba alichokuwa akilala. Mjomba alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza dada yake asiwe mgumu, afikirie mtoto. Hajafika hata kwenye neno la pili mama akatoka. Alikuwa na mfuko wake wa nguo begani, umejaa, umefungwa kwa kamba mafundo mawili, na viatu vyake vya kanisani vimefunikwa kitambaa vikining'inia pembeni. Mfuko wa namna ile hakuna awezaye kuufunga kwa muda mfupi hivyo. Mjomba aliutazama mfuko, akamtazama Bibi, naye Bibi akawa anatazama paa.

"Gari la Tarime," mama akauliza, "limeshapita?"